Si Virusi, Ni "Ruhusu" Uliyoibonyeza Mwenyewe

Mitihani ikikaribia, mafundi wa kompyuta wanaozunguka vyuo hupata wateja wa aina moja. Mwanachuo anakuja na laptop kwapani, analalamika: "Fundi, mashine imeingia virusi. Kila nikiwasha, pale kwenye kona ya chini yanatokea matangazo ya kubeti, wadada wanaotafuta wachumba, na onyo jekundu kwamba kompyuta imeambukizwa." Fundi anatikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa mahututi, kisha anatoa hukumu: tupige Windows upya. Hela ya bumu inatoka, na wakati mwingine madesa yote ya muhula yanaondoka nayo.

Mimi nasema hivi: mara nyingi hapo hakuna virusi hata mmoja. Kuna kibali ambacho mwenye laptop alikitoa kwa kidole chake, na ambacho angeweza kukifuta ndani ya dakika mbili bila kumlipa mtu. Tena matangazo hayo ndiyo nusu nyepesi ya tatizo. Nusu nzito ni vitu tunavyoviacha kwenye vivinjari vya watu wengine, yaani kompyuta za maktaba, za maabara na za steshenari. Kwenye nusu hii ya pili, chuo na serikali yetu ya wanafunzi wana kazi ambayo bado hawajaifanya.

Tuanze na hayo matangazo. Dirisha linalojifungua lenyewe lilizaliwa miaka ya mwisho ya 1990 katika kampuni ya Tripod ya Marekani. Aliyeandika programu yake ni Ethan Zuckerman. Kampuni moja ya magari ilikuwa imechukia kuona tangazo lake limekaa ndani ya ukurasa wa mambo ya ngono, hivyo ikatafutwa njia ya kulitenganisha tangazo na ukurasa. Mwaka 2014 Zuckerman aliandika makala ndefu na kuomba radhi kwa kazi hiyo. Wakati huo watengeneza vivinjari walikuwa wameshajibu mapigo zamani. Mwaka 2004 Microsoft iliweka kizuizi cha madirisha hayo kwenye Internet Explorer, na Firefox iliyotoka mwaka huohuo ilikuja nacho. Leo Chrome, Firefox, Edge na Opera zote zinazuia madirisha ibukizi bila hata wewe kugusa kitu.

Sasa kama yanazuiwa, haya tunayoyaona yanatoka wapi? Yanapita mlango mwingine. Mwaka 2015 Chrome ilianza kuziruhusu tovuti zitume arifa hata baada ya wewe kuzifunga. Nia ilikuwa njema: gazeti likutumie habari mpya, barua pepe ikujulishe ujumbe umeingia. Lakini walaghai waliuona mlango huo mapema. Unatafuta madesa ya bure, au mechi ya bure, au muvi ya bure. Tovuti inakuletea picha ya roboti na maneno: "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu." Una haraka, unabonyeza. Hapo hujathibitisha ubinadamu wowote. Umetia saini kwamba tovuti hiyo ikutumie chochote, saa yoyote. Usiku wa manane simu inalia: "Simu yako ina virusi 5, bonyeza hapa kusafisha." Onyo hilo ni tangazo, na ukilifuata ndipo unaweza kwenda kupakua virusi wa kweli. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dawa yake haihitaji fundi. Fungua mipangilio ya Chrome, nenda kwenye mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Kwenye kompyuta utaikuta ndani ya sehemu ya faragha na usalama. Hapo utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Kila jina usilolijua, liondoe au lizuie. Ukipenda amani ya kudumu, chagua tovuti zisiruhusiwe hata kukuomba kutuma arifa. Kwenye simu kuna njia ya mkato: tangazo likitokea, soma jina la tovuti lililoandikwa juu yake, bonyeza kwa muda mrefu, kisha zima. Ukishafanya hivyo na matangazo bado yanakuja, angalia viendelezi ulivyoongeza kwenye kivinjari na programu ulizopakia nje ya duka rasmi. Hapo ndipo unaweza kuanza kulitaja neno virusi. Kupiga Windows ni hatua ya mwisho kabisa.

Hayo ni ya kwenye mashine yako. Twende kwenye mashine ambazo si zako.

Kivinjari kina kumbukumbu. Kinakumbuka kurasa ulizotembelea, picha na vipande vya tovuti ili zifunguke haraka, majina na namba ulizojaza kwenye fomu, na nywila ulizokubali zihifadhiwe. Kuna pia vidakuzi, ambavyo vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape. Kidakuzi ukitaka kukielewa, fikiria kile kibati chenye namba unachopewa mlangoni unapoacha begi kabla ya kuingia maktaba. Mtunza mabegi hakumbuki sura yako. Anaangalia kibati tu. Ukiingia kwenye akaunti yako ya matokeo, tovuti inakipa kivinjari kibati, na kila unapobonyeza ukurasa mwingine kivinjari kinakionyesha ili usiulizwe nywila upya. Kufunga kichupo na kuondoka ni kukiacha kibati mezani. Akaunti nyingine hujifunga zenyewe baada ya muda, lakini nyingine hukaa wazi siku na wiki. Anayekalia kiti baada yako hahitaji kuwa mdukuzi. Anahitaji kufungua kivinjari tu.

Na ndani ya hilo begi kuna nini? Fikiria mwaka wa kwanza anayejaza maombi ya mkopo steshenari kwa sababu hana laptop. Kwenye kompyuta ile anaacha barua pepe yake, cheti cha kuzaliwa alichokipakua, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya akaunti ya benki, pengine na taarifa za wazazi. Mwingine anaunganisha WhatsApp ili achape asainmenti aliyotumiwa na kiongozi wa kikundi, anachukua karatasi zake na kuondoka, huku mazungumzo yake na mama, na mpenzi, na daktari yakiendelea kuingia kwenye kioo cha dukani. Anayesema "mimi sina cha kuficha" ajaribu kwanza kuiacha simu yake wazi kantini wakati wa chakula cha mchana.

Kwa hiyo ukimaliza kwenye kompyuta ya watu, fanya mambo mawili. La kwanza, toka kwenye kila akaunti, moja baada ya nyingine. La pili, bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Njia hii inafanya kazi kwenye Chrome, Firefox na Edge. Chagua muda wote, weka tiki kwenye historia, vidakuzi, akiba ya picha na faili, data ya fomu, na nywila kama zimo kwenye orodha, kisha futa. Faili ulizopakua hazifutiki kwa njia hiyo. Zifuate kwenye folda ya vipakuliwa, halafu safisha na kapu la takataka. Kama umeshafika hosteli ndiyo unakumbuka, bado hujachelewa: WhatsApp ina orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na akaunti ya Google ina orodha ya vifaa vyako. Kote kuwili unaweza kukitoa kifaa ukiwa kitandani.

Hapa lakini niwapinge na wale waliohamia upande wa pili, wanaofuta kila kitu kwenye simu zao kila jioni kama wanaoga. Kwenye kifaa chako mwenyewe, kufuta kila kitu kila siku ni hasara. Ile akiba ya picha na faili ndiyo inayokuokolea bando. Ukiifuta, kesho kivinjari kitapakua upya nembo zilezile na picha zilezile kwa MB zako. Ukifuta nywila ambazo hujaziandika popote, utahangaika kuzirudisha saa chache kabla ya mwisho wa usajili. Na kama umeunganisha Chrome ya simu na ya laptop kwa akaunti moja, historia na nywila ulizofuta huku zitafutika na kule. Kwenye simu yako, futa kwa sababu: tovuti imegoma kufunguka vizuri, nafasi imejaa, au umeingia mahali usipopaamini. Tena inawezekana kufuta data ya tovuti moja tu bila kuigusa mingine.

Wapo pia wanaojificha nyuma ya dirisha fiche. Ni zuri kwa kompyuta ya watu, maana ukifunga madirisha yake yote halibakizi historia wala vidakuzi kwenye mashine. Lakini haliufichi mwendo wako kwa mwenye mtandao wala kwa tovuti unayoitembelea, na faili ulilopakua linabaki palepale. Ni pazia la chumba cha kubadilishia nguo, si koti la kukufanya usionekane.

Mpaka hapa nimekuwa nikisema na mwanachuo mmoja mmoja, lakini kumwachia yeye peke yake si haki. Mtu mwenye dakika kumi za zamu yake, foleni nyuma yake, na mfumo wa usajili unaokwama, hawezi kukumbuka kila tiki. Lawama zote zikimwangukia, tutakuwa tumemtoza faini abiria kwa mlango wa basi usiofungika.

Kuna mambo ambayo yakipangwa mara moja yanatulinda wote. Vivinjari vya maabara na maktaba vinaweza kuwekwa vifute data vyenyewe kila vinapofungwa. Firefox ina mpangilio huo, na Chrome ina namna ya mgeni ambayo haibakizi historia wala vidakuzi ukishaifunga. Kuomba kuhifadhi nywila kunaweza kuzimwa kabisa. Arifa zinaweza kuzuiwa kwa kompyuta zote. Haya hayahitaji bajeti, yanahitaji mtaalamu wa TEHAMA mmoja, mchana mmoja, na agizo. Yule mwenye steshenari ndani ya eneo la chuo naye anaweza kupewa sharti hilohilo kwenye mkataba wake wa pango.

Sheria nayo ipo upande wetu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inatambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Chuo kinachotulazimisha tufanye usajili, malipo na matokeo yote mtandaoni, huku kikijua wengi wetu tunategemea kompyuta za pamoja, kisituambie kwamba kilichobaki kwenye kompyuta hizo hakikihusu.

Na masomo yetu yatazamwe pia. Kwenye kozi ya utangulizi wa kompyuta tunakariri vizazi vya kompyuta na tofauti ya RAM na ROM, tunajibu kwenye mtihani, tunapata alama. Saa moja tu ya vitendo, watu wafungue orodha ya arifa, waondoe walichokiruhusu, wafute data na watoke kwenye akaunti, ingewafaa wengi kuliko mihadhara miwili ya namna hiyo. Ifanywe wiki ya kwanza, wakati mwaka wa kwanza bado wanahangaika na fomu.

Kwa hiyo Bunge la wanafunzi likikaa kabla ya mitihani, waziri wa elimu wa serikali yetu aulizwe swali moja: kompyuta za maabara zitaanza lini kujifuta zenyewe? Atakapokuwa anatafuta jibu, wewe fungua simu yako, ingia kwenye arifa, uone ni tovuti ngapi umezipa ruhusa.