Penalti Ina Hesabu Zake

Maji yapwapo Matemwe, mchanga hugeuka uwanja, na vijana hupigiana penalti hadi maji yajae. Kila mpigaji hodari ana "upande wake", na wapo walimu wa michezo wanaomhimiza asiuache kamwe. Ushauri huo ni mbaya.

Mkwaju mkali hufika golini kutoka mita 11 kwa muda usiozidi nusu sekunde. Kipa hana budi kuchagua upande mapema. Ichukuliwe kuwa mpigaji ana nguvu zaidi kulia. Kipa akikosea upande, mikwaju yote 10 ya kulia huingia. Akipatia, huingia 5. Ya kushoto huingia 8 kipa akikosea, 3 akipatia. Kulia ni bora kwa vyovyote. Lakini apigaye kulia daima huzoeleka, akaambulia mabao 50 kwa mikwaju 100. Agawaye nusu kwa nusu, bila utaratibu wa kukisiwa, hupata 65, kipa aruke kokote. Mzizi wa hoja hii ni nadharia aliyoithibitisha John von Neumann mwaka 1928. (Kupokezana kulia, kushoto, kulia si dawa, nako hukaririwa.)

Zanzibar yaijua thamani ya mabao hayo: katika fainali ya Kombe la Chalenji, Machakos, mwaka 2017, ilitoka sare 2-2 na Kenya, ikashindwa kwa penalti 3-2.

Skuli zinazofundisha uwezekano kwa sarafu na dadu pekee ziwapeleke wanafunzi ufukweni, daftari mkononi, waandike kila mkwaju ulikokwenda na upande aliorukia kipa.