Mpangishaji, anza na msingi, jipsamu itasubiri

Msimu wa mvua unapokaribia, mfanyabiashara mdogo wa Dar es Salaam hupiga hesabu ya bidhaa. Anajua ni lini aongeze mabuti na miavuli, na ni lini apunguze mzigo usiotoka. Lakini ni wachache wanaoipigia hesabu ya namna hiyo nyumba ya kupangisha, ingawa ndiko faida ya miaka mingi ya dukani huishia.

Safu hii inashikilia jambo moja. Katika maeneo ya chini ya jiji letu, mapato ya nyumba ya kupangisha huamuliwa zaidi na kimo cha sakafu kuliko idadi ya vyumba. Nyumba ndogo iliyoinuliwa ni mtaji, na nyumba kubwa inayoingia maji ni deni lenye bati juu yake.

Mafuriko si ajali ya mara moja. Desemba 2011 mvua kubwa ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na Serikali ikawahamishia Mabwepande baadhi ya waathirika. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki nchini kutokana na mvua za msimu huo. Kituo cha mabasi yaendayo haraka pale Jangwani nacho kimeingiwa na maji mara kadhaa. Kwa mwekezaji makini, jambo linalojirudia namna hii haliitwi bahati mbaya tena. Ni gharama ya kudumu, na lazima iingizwe kwenye vitabu.

Hebu tuchukue mfano. Nyumba ya mita 6 kwa 8 inatoa vyumba vinne, viwili vikifungukia baraza ya mbele na viwili ya nyuma. Kuta zake, za nje na za kati, zina urefu wa mita 42. Tuseme unataka kuinua sakafu kwa sentimeta 65 zaidi ya fundi alivyopanga. Ukilaza tofali za inchi 6, hizo ni kozi nne, yaani tofali zipatazo 360. Ndani ya msingi utajaza kifusi au moramu mita za ujazo 25. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 5, hizo ni tripu tano, na ya sita ongeza kwa sababu kifusi hushuka kikishindiliwa. Zidisha kwa bei za mtaani kwako, kisha ongeza saruji, mchanga, ngazi na ufundi.

Sasa geuza upande wa pili wa daftari. Vyumba vinne kwa mwaka ni miezi 48 ya kodi. Mafuriko yakivifunga vyote kwa miezi miwili tu, umepoteza miezi minane, yaani sehemu moja kwa sita ya mapato ya mwaka. Hapo hujapiga rangi upya, hujabadilisha milango iliyovimba wala hujanyonya choo kilichofurika. Aidha, mpangaji aliyepoteza godoro na friji hawezi kukulipa miezi sita mbele kwa moyo mkunjufu. Atahama, na ataeleza mtaa mzima kwa nini amehama.

Wapo watakaosema fedha za kuinua msingi hazipo. Ni kweli kwamba mtaji ni mdogo, lakini tuangalie unakokwenda. Nyumba nyingi mpya zina dari ya jipsamu yenye maua na marumaru mpaka ukutani, huku sakafu ikiwa sawa na barabara. Jipsamu ikilowa haina thamani. Afadhali kujenga vyumba viwili vilivyoinuka leo, na viwili vingine kodi itakaporuhusu. Rahisi ni ghali.

Baada ya msingi, mambo mengine hayahitaji fedha nyingi. Weka nailoni ngumu ya kuzuia unyevu juu ya msingi kabla ya kupandisha kuta. Soketi za umeme ziwe usawa wa kifua. Sehemu ya chini ya ukuta ipigwe lipu ya saruji, na milango ya nje iwe ya chuma au mbao ngumu, si plaiwudi. Choo nacho kiinuliwe kwa ngazi, kwani choo kilichofurika ni mlango wa kipindupindu. Bati likiwekewa mfereji na tanki, maji yale yale yanayotisha uani yatapunguza ankara. Kwa kuta za juu, uliza kuhusu tofali za udongo na saruji zinazofungamana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi. Zinatumia saruji kidogo, na udongo wake haupitii tanuri la kuni.

Hata hivyo, yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, inua nyumba, usiinue kiwanja chote. Ukijaza kifusi ua mzima unamsukumia jirani maji, naye akijaza wake, njia ya mtaa inageuka mto. Acha ua uwe wa kokoto na majani ili maji yanywewe na ardhi.

Pili, msingi mrefu hauhalalishi kujenga bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Katika Bonde la Msimbazi, chini ya mradi ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2022, nyumba nyingi zimekwisha vunjwa baada ya wenyewe kulipwa fidia. Anayeuziwa kiwanja cha bei poa mita chache kutoka mtoni ananunua kesi.

Lakini wanaoondoka bondeni hawaondoki mjini. Wanatafuta chumba karibu na kazi, katika miteremko na kingo zilizo halali lakini bado zinapitiwa na maji. Hapo ndipo soko lilipo, na hapo ndipo nyumba ndogo iliyoinuka itamshinda jirani yake bila tangazo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, nenda kwenye kiwanja na futi mkononi. Tafuta alama ya maji kwenye kuta za majirani, na uwaulize wakazi wa zamani kama ndiyo ya juu kuliko zote walizowahi kuona. Ongeza sentimeta 30 juu ya hiyo. Hicho ndicho kimo cha sakafu yako, na fundi asikushawishi vinginevyo.