Kazi ya Jumamosi Ianzie Bombani

Hakuna mkazi wa Burundi asiyejua maana ya Jumamosi asubuhi. Maduka hufungwa, magari hupungua barabarani, na kila mtaa hutoka na majembe, mapanga, mafagio na makarai kwenda kwenye kazi za maendeleo ya pamoja. Askari wa kambini hutoka, mwalimu hutoka, na mvuvi aliyekesha ziwani naye hutoka, usingizi ukimwelemea machoni. Jirani zetu wa Rwanda wana desturi ya namna hiyo katika Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, nao huiita umuganda. Kwa nguvu hizo za pamoja yamejengwa madarasa mengi ambayo watoto wetu wanasomea hadi leo. Safu hii haina nia ya kuilaumu desturi hiyo hata kidogo. Nataka tuulizane jambo moja tu: katika saa mbili au tatu ambazo mtaa mzima umekusanyika, ni kazi ipi inayostahili kutangulizwa?

Nauliza kwa sababu huku kwetu, kuanzia Rumonge penye ziwa hadi Bugarama tulio juu milimani, aghalabu kazi inayotangulia ni ile itakayoonwa na mgeni. Nyasi za kando ya barabara hukatwa, mawe hupakwa chokaa, na uwanja wa mkutano hufagiliwa mara mbili. Nyuma ya nyumba, choo kimejaa. Bomba la mtaa limekauka tangu mwezi uliopita kwa sababu ya kipira kidogo ndani ya koki, ambacho bei yake haifiki hata bei ya kilo moja ya ndagala wakavu. Akina mama wanaujua ukweli huo kuliko mtu mwingine yeyote, maana wao ndio wanaobeba ndoo.

Wakazi wa Rumonge walio na umri wa kutosha hawajausahau mwaka 1992. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia Burundi tangu 1978, lakini katika miezi ya Aprili na Mei mwaka ule kiliushika mji wa Rumonge kwa nguvu, na watu zaidi ya 300 walilazwa hospitali. Waganga waliokuja kuchunguza hawakuridhika na kuwatibu wagonjwa tu. Walifuata mtaa kwa mtaa, wakauliza kila mgonjwa alikula nini, alikunywa maji gani na alioga wapi, kisha wakawauliza maswali hayo hayo majirani ambao hawakuugua. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 1997 katika The Lancet, jarida la utabibu la Uingereza, na yafaa yajulikane na kila kiongozi wa nyumba kumi katika mwambao huu.

Walikuta kwamba waliougua zaidi walikuwa wakazi wa njia zilizo karibu na ziwa na karibu na mto Dama unaopita mjini. Hakuna chakula chochote kilichoonekana kuwa chanzo. Kilichowatofautisha wagonjwa na wazima kilikuwa maji ya ziwa: kuyaoga na kuyanywa. Vijidudu vya kipindupindu vilipatikana katika maji ya ziwa, wala havikupatikana katika maji ya mto. Watu walipokatazwa kufika ziwani, ugonjwa ulikoma mjini Rumonge baada ya siku chache tu.

Yafaa tutue hapa kidogo. Aghalabu mtu akisikia habari ya kipindupindu huwaza maji ya kunywa peke yake, naye husema, "Mimi nachemsha, sina hofu." Rumonge ilituonyesha kwamba hata kuoga kulikuwa hatari. Mtoto anayepiga mbizi ufukoni jioni humeza maji bila kujua, na mama anayesukutua kinywa pale pale anapofulia hafikirii kwamba amekunywa. Ziwa letu ni zuri, ni kubwa, na maji yake ni maangavu mpaka unaona mawe ya chini. Uangavu huo ndio unaotudanganya.

Sasa niseme na askari wasomaji wa gazeti hili, hasa ndugu polisi. Amri ya kuwakataza watu wasifike ziwani ni amri njema wakati wa maradhi, na mfano wa 1992 unathibitisha hivyo. Lakini amri ya namna hiyo mwisho wake huangukia mabegani mwa kijana mmoja mwenye sare, aliyesimama ufukoni alfajiri, akimtazama mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Mama yule si mkaidi. Amekuja kwa sababu nyumbani hakuna maji na bomba halitoi. Kijana akimrudisha, ametii amri lakini nyumba ile italala na kiu. Akimwachia, ametenda huruma lakini huenda ameruhusu ugonjwa upite. Hakuna mafunzo ya kazi yatakayomtoa katika mtego huo. Kitakachomtoa ni bomba linalofanya kazi hatua 100 kutoka pale aliposimama. Kwa hiyo bomba la mtaa ni jambo la usalama kama lilivyo jambo la siha, na kambi ikichangia fundi na vifaa vya kulitengeneza inajirahisishia kazi yake yenyewe.

Kwamba ziwa hili halina mchezo, tulikumbushwa tena mwezi wa Mei 2015. Makumi ya maelfu ya watu walioikimbia nchi yetu walijikuta wamesongamana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichoko kati ya mlima na maji, karibu na mpaka wetu. Vyoo havikuwatosha, na maji yaliyokuwapo karibu yalikuwa ya ziwa. Kipindupindu kiliwapata maelfu na kuua watu wapatao 30, wakati meli ya zamani MV Liemba ilipokuwa ikiwahamisha watu kwa zamu kwenda Kigoma. Mwaka huo huo ugonjwa uliishika pia Dar es Salaam, hata Rais John Magufuli akafuta gwaride la Siku ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba na kuwaamuru wananchi, pamoja na yeye mwenyewe, washike mafagio. Watu wengi walilisifu fagio la Rais, nami ni mmoja wao. Hata hivyo fagio huondoa takataka za juu; haliwezi kumchotea mtu maji wala kumchimbia choo.

Kuhusu vyoo, sisi wa mwambao tuna shida yetu ya pekee. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka. Lilipanda sana mwaka 1964, na wazee wanakumbuka. Likapanda tena katika miaka ya karibuni, hata mwaka 2021 na mwaka 2024 maji yakaingia majumbani, Rumonge na Gatumba vilevile, na familia nyingi zikahama. Ziwa linapopanda, maji ya chini ya ardhi nayo hupanda. Shimo la choo lililochimbwa kwa desturi ya milimani, la mita 5 au 6, hujaa maji kutoka chini, na uchafu wake huelea na kutafuta njia ya kwenda ziwani. Baadaye twatoka na ndoo kwenda kuchota pale pale.

Dawa yake ni kuacha kushindana na maji. Penye maji ya karibu, shimo lichimbwe fupi, kisha choo kiinuliwe: ukuta wa matofali ya kuchoma uanzie ndani ya shimo na kupanda juu ya ardhi nusu mita au zaidi, udongo ushindiliwe kuuzunguka kama kichuguu, na ngazi mbili tatu zijengwe za kupandia. Kisima chochote kisiwe karibu na choo kwa chini ya mita 30. Mwenye uwezo aongeze bomba la hewa linalotokeza juu ya paa, lenye wavu mdomoni, na chumba chenyewe kiwe na giza. Ufundi huo ulienezwa Zimbabwe tangu miaka ya 1970. Nzi aliyemo shimoni huufuata mwanga wa juu, akafika kwenye wavu, akafia hapo. Na harufu nayo hutoka kwa njia hiyo. Kazi hii haihitaji mhandisi. Inahitaji matofali, mwashi mmoja wa mtaa, na watu kumi wa kubeba udongo, na watu kumi ndio hasa wanaopatikana Jumamosi bila malipo. Mjane na mzee asiye na mtoto wa kumsaidia waanze. Choo cha mjane kikibomoka, uchafu wake haubaki kwake.

Wenzangu wa Bugarama wasijione kwamba habari hii ni ya watu wa pwani peke yao. Mwaka 2015 ulipoundwa mkoa wa Rumonge, tarafa yetu iliwekwa humo pamoja na Muhuta, Burambi, Buyengero na Rumonge yenyewe. Tangu mwaka 2025 mikoa ya nchi imepunguzwa ikawa 5, na mipaka imechorwa upya. Maji ya mvua hayasomi ramani. Mashamba yetu yako kwenye miteremko mikali, na kila mvua kubwa huteremsha udongo, samadi na yote yaliyoachwa vichakani, hadi ziwani. Udongo huo huziba mitaro ya barabara ya Bujumbura na Rumonge na kuchafua mazalio ya samaki. Kwa hiyo Jumamosi ya mlimani kazi yake ni mitaro ya kukinga maji inayofuata usawa wa mlima, na majani ya kulishia mifugo yapandwe kwenye kingo zake. Kampeni ya upandaji miti ya "Ewe Burundi Urambaye" iliyoanza mwaka 2018 ilitupa miche. Kupanda ni kazi ya siku moja yenye picha na hotuba. Kupalilia na kuuzuia mbuzi asiumalize mche ni kazi ya miaka mitatu isiyo na picha.

Nirudi nyumbani, maana ukurasa huu ni wa nyumbani. Hata bomba likitengenezwa, zipo siku litakauka, na mama atalazimika kutumia maji ya ziwa au ya mto. Maji hayo yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshwe mpaka yatokote vizuri, yafunikwe, na yachotwe kwa kikombe chenye mkono mrefu ili vidole visizame. Makaa yakiwa ghali, jua linaweza kusaidia: chupa ya plastiki isiyo na rangi ijazwe maji maangavu, ilazwe juu ya bati juani kwa saa 6, na kama ni siku ya mawingu iachwe siku mbili. Maji ya tope hayafai kwa njia hii mpaka yamechujwa. Sabuni iwekwe karibu na choo, si kabatini. Nasema hivyo kwa sababu tuko katika nchi ya mawese, Rumonge ikiwa ndiyo kitovu chake, na sabuni yetu hupikwa kwa mafuta hayo hayo. Ni aibu kidogo kukosa kipande chooni.

Na mtu akianza kuharisha maji mfululizo, asisubiriwe mpaka kesho. Kipindupindu huua kwa kukausha mwili, na kwaweza kutokea katika muda wa saa chache. Apelekwe kwenye kituo cha afya mara moja, na njiani anyweshwe kidogo kidogo bila kukoma: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Imebaki habari ya mkutano unaofuata baada ya kazi. Watu hukaa chini ya mti, viongozi huzungumza, na wengi huwa wanayatazama majembe yao wakingoja kuruhusiwa. Mkutano huo ndio mahali pa kuuliza hesabu tatu: mabomba mangapi ya mtaa yanatoa maji leo, nyumba ngapi hazina choo, na nani ameshika fedha za matengenezo. Jibu liandikwe daftarini, na Jumamosi inayofuata daftari lisomwe kwa sauti. Kuhusu fedha, mitaa mingi tayari ina vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopeshana, vyenye sanduku, funguo tatu na washika funguo watatu. Wakabidhiwe wao mchango wa bomba. Nimeona fedha za umma zikishikwa na watu wenye mihuri, nimeona na fedha za vikundi hivyo, na najua ni sanduku lipi hufunguliwa hadharani kila juma.

Mvua zetu hukoma karibu na mwezi wa Juni na kurudi Septemba. Katika miezi hiyo maji ya chini hushuka, udongo huwa mkavu na matofali hukauka upesi. Ni Jumamosi zipatazo 12. Mtaa wa nyumba kumi unaojenga choo kimoja kila Jumamosi utakuwa umemaliza vyote kabla ya tone la kwanza, na zitasalia Jumamosi mbili za kukata nyasi za barabarani.