Konje si kitu cha kuuza

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mabibi mnaosoma ukurasa huu nyumbani,

Kila mwaka tunasikia neno lile lile: «Shefu, konje sitaki. Unipe feza yake, niendelee na kazi.» Anayesema hivyo si mtu mbaya. Ni baba mwenye watoto wa kulipia masomo, ama mwenye nyumba isiyomalizika kwao Makobola, kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka. Tunamwelewa. Lakini anakosea.

Kwanza, sheria inakataa. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema: mfanyakazi akimaliza mwaka ana haki ya konje, wala hawezi kuiacha. Mtu mzima anapata angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi, ni kusema siku 12 kwa mwaka. Kila miaka 5 kwa mwajiri yule yule inaongeza siku 1. Mshahara unaendelea siku hizo zote. Basi konje si zawadi ya shefu. Na siku za mambo ya nyumbani zinahesabiwa kando: bibi akizaa, siku 2, ukifiwa na bibi, mzazi ama mtoto, siku 4.

Pili, mwili una mpaka. Mtu aliyechoka hagongi jiwe la juu kusikiliza kama limelegea. Anafikiri amekwisha kuligonga, kumbe ilikuwa jana. Jiwe likianguka, haliulizi nani aliuza konje yake. Linaweza kumpiga mwenzake.

Mtasema: mshahara hautoshi. Kama hautoshi, hilo ni neno la kumpelekea delege wa sendika, aliseme mbele ya wakubwa. Ukiuza mapumziko yako kila mwaka, unaficha shida ile ile, na mwakani itakungoja mlangoni.

Tena kuna konje ya jina tu. Mtu anafika Makobola, mchana analima mihogo, usiku anavua ndagala ziwani, kisha anarudi juu ya lori usiku kucha na asubuhi anaingia shimoni. Huyo hakupumzika. Fanya kazi kidogo ya nyumbani, lala vizuri, ongea na watoto, rudi siku mbili mbele ya kazi. Nanyi mabibi, msimwekee baba shida zote za mwaka siku ile anayoshuka garini.

Ndugu zetu wanaochimba zahabu kwa mikono kule Misisi hawana konje ya kulipwa. Siku wasiyochimba, hawapati kitu. Wangefurahi kupata haki hii tuliyo nayo. Sisi tunaiuza kwa nini?

Nenda kwenye biro, uliza siku zako ni ngapi, andikisha tarehe. Watoto wanahitaji feza, ni kweli. Lakini wanamhitaji baba anayerudi mzima.