Mbio ambazo Bayi hakukimbia

Ukiwahi ibada ya kwanza hapa Sokon I utapishana barabarani na vijana wanaofanya mazoezi ya mbio, Mlima Meru ukiwa nyuma yao. Waulize kuhusu Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu katika mkoa wetu huu, nao watakutajia rekodi. Ni haki yake. Februari 2, 1974, kule Christchurch, New Zealand, katika fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana huyu wa miaka 20 alitangulia mapema na hakuna aliyempita. Siku hizo wengi walizoea kuviziana hadi mzunguko wa mwisho. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Wa pili alikuwa mwenyeji, John Walker. Mei 1975, Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na rekodi ya maili. Agosti mwaka huohuo Walker akaichukua. Dunia ikasubiri wakutane kwenye Olimpiki ya Montreal, 1976.

Hawakukutana. Juni mwaka ule, mwezi ambao polisi waliwaua wanafunzi wa Soweto, timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Kamati ya Olimpiki ilikataa kuiondoa New Zealand, na Tanzania ikasusia michezo pamoja na nchi nyingine zaidi ya 20, karibu zote za Afrika. Walker akachukua dhahabu ya mita 1,500.

Kwangu mimi, kususia kule kulikuwa haki, na ningependa watoto wetu wa Sunday School wafundishwe kwa nini. Lakini tazama gharama ilimwangukia nani. Taifa zima lilipata heshima ya kusimama na wanyonge, na wengi wetu hatukupungukiwa hata shilingi. Mkimbiaji alitoa miguu yake ya miaka 23, na miguu ya umri huo hairudi.

Soma 2 Samweli 23. Mashujaa watatu walipenya kambi ya Wafilisti ili kumchotea Daudi maji ya kisima cha Bethlehemu. Daudi alipoyapokea hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya waliohatarisha maisha. Kiu alikuwa nayo, tena kali, ila alijua maji yale yamelipiwa na nani.

Sisi makanisani tunakunywa tu. Mhasibu anakataa kusaini risiti ya uongo, anapoteza kazi. Binti anaacha chuo ili amwuguze mama, wadogo zake waendelee na shule. Tunawasimamisha watoe ushuhuda, tunapiga makofi, pambio linaimbwa, kisha tunatoka nje kwenye mnada wa ndizi na mayai. Baada ya miezi 6 hakuna anayeuliza yule mhasibu analipaje kodi ya nyumba. (Wakati mwingine tunanong'ona kwamba alijifanya mtakatifu mno.)

Bayi hakukaa kulilia Montreal. Mwaka 1980 huko Moscow aliingia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akaongoza kwa mtindo wake uleule hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipomkamata mzunguko wa mwisho. Akapata fedha. Medali hiyo na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000 ndizo pekee Tanzania iliyokuwa nazo hadi Olimpiki ya Paris ya 2024 inamalizika. Tunaisimulia fedha hiyo kana kwamba ilifuta deni. Haikulifuta.

Wazee wa kanisa, mnapanga bajeti mwezi huu. Tengeni mnada mmoja kwa mtu wa usharika wenu aliyeumia kwa kutenda haki. Na kabla ya kupanga kiasi, nendeni nyumbani kwake mkamwulize yeye mwenyewe anadaiwa nini.