Muyembe wa vumbi eko wapi?

Mu inchi yetu waziri wa afya hakawii. Oly Ilunga aliingia mwisho wa 2016. Julai 2019, kisha Rais kutosha kazi ya Ebola mu mikono yake na kuipatia munganga Jean-Jacques Muyembe, akaacha cheo. Nyuma yake tuliona Longondo, Mbungani, Kamba. Kila mumoja na bashauri bake, kila mumoja anaanza upya.

Muyembe yeye hakutafuta uwaziri. Mu 1976 alitumwa Yambuku kuangalia ugonjwa wenye hakuna mutu aliujua. Alitosha damu ya bagonjwa mikono mitupu, bila ganti, akanawa na sabuni tu. Akarudi Kinshasa na masera mugonjwa. Damu ya ule masera njo ilipelekwa Antwerp, na virusi ikaonekana. Mu 1995, Kikwit, alipatia bagonjwa 8 damu ya bale balipona, na 7 bakapona. Bazungu balibisha. Lakini mu damu ya mutu mumoja wa Kikwit njo kulitoka dawa mAb114, yenye mu 2019 ilionekana kuokoa batu kule Kivu. Kutoka 1995 mpaka 2019: hesabu mwenyewe ni mawaziri ngapi balipita!

Mutasema Ebola iko mbali na Hewa Bora. Ni kweli. Ugonjwa wetu ni vumbi ya mukuba na kobalti, yenye baba analeta ku nyumba mu nguo, na mama anaifula pamoja na nguo za batoto. Mu 2020 banganga ba Université ya Lubumbashi na benzao ba Leuven balitangaza mu Lancet Planetary Health utafiti wa batoto benye kuzaliwa hapa hapa na kilema: hatari ilikuwa kubwa zaidi kama baba anatumika mu mine. Baba, bandugu. Si mama tu, mwenye tulizoea kulaumu.

Basi nani anafuata hii neno miaka 20? Zamani lopitali ya Gécamines ilitunza mutumikaji na jamaa yake yote, tena ilikuwa na fishi yake toka siku alianza kazi. Mu 2003 batu 10.655 balitoka na « départ volontaire », na ile mulango ikafungwa kwa wengi. Ebola ilipata franga ya inje kwa sababu inaweza kupanda ndege. Vumbi haipande ndege, haiogopeshe mutu wa Ulaya. Franga yake itatoka hapa ao haitatoka.

Na iko. Code minier ya 2018 inalazimisha kila kampuni kutosha 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya batu ba karibu. Bale benye kukaa mu komité za ile 0,3%, mbele ya kujenga tena hangar ingine, baulize: kiasi gani kwa kupima damu na mukojo ya batumikaji na bake zao, kila mwaka, na munganga mumoja mwenye hatabadilishwa pamoja na waziri?