Siuzi

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye matatu ya Rongai, tumekwama pale Bomas kama kawaida, nikatoa uzi na sindano yangu ya kroshia nikaanza kufuma. Ni sweta. Mkono mmoja umeshatoka mrefu kuliko mwingine, na uzi wa bluu uliniishia katikati nikaunga na bluu nyingine isiyofanana nayo. Si kitu cha kuonyesha watu. Mama aliyekaa kando yangu akaniangalia kwa muda, akatabasamu, akauliza, "Msichana wangu, hiyo unauza pesa ngapi?"

"Siuzi, mama."

"Kumbe ni oda ya mtu?"

"La, ni yangu tu."

Akanihurumia. Naapa nilimwona akinihurumia. "Na vile una mkono mzuri," akasema. Kondakta, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia: "Siz, fungua peji. Hizo vitu zinanunuliwa sana." Kufika Rongai nilikuwa nimepewa jina la biashara, bei, na namba ya mtu wa boda wa kupeleka mizigo.

Simlaumu yule mama. Alinitakia mema. Ninayoilaumu ni dini ambayo sote tumebatizwa ndani yake bila kuulizwa, dini inayosema kwamba kitu chochote mikono yako inachokipenda lazima kilipe. Unapika vizuri? Fungua hoteli. Unachekesha? Anzisha chaneli. Unapenda kukimbia asubuhi? Wafundishe wengine, walipe kwa M-Pesa. Wahubiri wake wako kila mahali: kwenye semina za vijana, kwenye mikutano ya wanasiasa waliokosa kutupa ajira wakatuambia tujiajiri, kwenye meza za Krismasi ambapo wajomba hutuuliza hayo mambo yako ya kuchora yanaleta nini. Shuleni tulifundishwa kwamba Kiswahili cha hobi ni "uraibu", tukaandika insha za "Uraibu Wangu". Tukitoka shuleni, redio inatumia neno lilo hilo kwa watu walionaswa na dawa za kulevya. Labda hapo ndipo tulipopata wazo kwamba kufanya kitu kwa sababu unakipenda ni ugonjwa unaohitaji tiba, na tiba ni pesa.

Nataka kubishana na dini hii, na mashahidi wangu watawashangaza. Mimi ni mlevi wa filamu za zamani za Hollywood, zile za miaka ya 1930 hadi 1950. Ninachopenda zaidi hata kuliko filamu zenyewe ni kusoma waigizaji wale walifanya nini kamera zikizimwa.

Mchukue Joan Crawford. Alizaliwa Lucille LeSueur. Studio ya MGM haikulipenda jina hilo, basi mwaka wa 1925 gazeti moja la filamu likaandaa mashindano, wasomaji wakapendekeza majina. Hebu fikiria: watu usiowajua wanakupa jina, na unalibeba hadi kaburini. Mfumo mzima ulikuwa hivyo. Kandarasi ilikuwa ya miaka saba. Studio iliamua utacheza filamu gani, nywele zako zikae vipi, uonekane hadharani na nani. Ukikataa filamu, unasimamishwa bila mshahara, na siku ulizosimamishwa zinaongezwa mwishoni mwa kandarasi. Mambo yalianza kubadilika Olivia de Havilland alipowashtaki Warner Bros., na mahakama ya rufaa ya California ikakubaliana naye mwaka wa 1944.

Ndani ya maisha hayo, Crawford alifuma. Alifuma kati ya onyesho na onyesho, akisubiri taa zipangwe, sindano mkononi kila mahali. Husimuliwa kwamba walipokuwa wakitengeneza The Women, iliyotoka 1939, alikaa nje ya kamera akimsomea Norma Shearer mistari huku sindano zake kubwa zikigongana ka-ka-ka, hadi mwongozaji George Cukor akamfukuza siku hiyo. Wengine husimulia kisa hiki kama uchokozi wa mahasimu wawili, na labda ulikuwa uchokozi. Mimi naona pia mwanamke ambaye hata jina lake halikuwa lake, ameshika kipande cha uzi ambacho hakuna mkuu wa studio aliyekiandika kwenye kandarasi.

Shahidi wa pili ni Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, ambaye studio ilimtangaza kama mwanamke mrembo kuliko wote duniani na baada ya hapo haikuwa na haja ya kumuuliza lolote. Jioni, nyumbani kwake, alikuwa na meza ya uvumbuzi. Aliwahi kujaribu kutengeneza kidonge cha kutia kwenye maji kiwe soda. Kilishindwa, mwenyewe alisema kilikuwa na ladha ya dawa ya tumbo. Halafu, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yeye na mtunzi wa muziki George Antheil wakabuni njia ya kuongoza torpido kwa mawimbi ya redio yanayorukaruka kutoka masafa hadi masafa, ili adui asiweze kuyavuruga. Walitumia masafa 88, idadi ya vibonye vya piano. Hataza ilitolewa Agosti 1942. Jeshi la majini likaiweka kando, muda wa hataza ukaisha 1959, na yeye hakupata hata senti moja.

Sasa ona tunavyomkumbuka. Kila baada ya miezi michache kuna picha yake inazunguka kwenye simu zetu: "Mwigizaji huyu ndiye aliyevumbua wifi!" Hiyo ni chumvi. Wazo la kurukaruka masafa liko ndani ya Bluetooth, na wengine pia walilifikiria kwa njia zao. Lakini tazama kwa nini tunaihitaji hiyo chumvi. Hatuwezi kumwacha mtu akae na meza yake jioni akivumbua kwa sababu anapenda kuvumbua. Lazima mwisho wa hadithi kuwe na bidhaa ambayo sote tunaitumia, ndipo tumheshimu. Kidonge cha soda hakuna anayekizungumzia. Mimi nakipenda kile kidonge kuliko kitu kingine chochote katika maisha yake.

Najua unachosema hapo ulipo. "Hao walikuwa matajiri. Mimi kodi ya nyumba ni tarehe tano." Sawa, hiyo ni hoja, na siikwepi. Ndiyo maana nina shahidi wa tatu, au tuseme wawili. James Stewart na Henry Fonda waliishi chumba kimoja New York mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati wa ule mdororo mkuu wa uchumi, vijana wawili warefu wembamba wanaotafuta kazi za jukwaani na kuzikosa. Walijenga ndege ndogo za mfano. Walipofika Hollywood wakakaa pamoja tena, na wakaendelea kuzijenga. Kisiasa hawakuelewana kabisa: Fonda alikuwa Democrat, Stewart Republican, na baada ya kugombana wakaamua siasa wasiiguse tena. Urafiki ukadumu hadi Fonda alipofariki 1982, na ulikuwa umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya gundi na vijiti. Walianza burudani hiyo hawana kitu. Umaskini ukawanyima kazi, lakini hawakuuruhusu uwanyime na meza.

Na nina shahidi wa nne, ambaye ni mimi mwenyewe, kwa sababu mimi niliwahi kuokoka katika hiyo dini. Mwaka wa 2022 nilifungua peji. Nilipiga picha vizuri, nikaweka bei, oda zikaja. Hesabu yangu hii hapa. Kadigani moja ilinichukua saa 22. Niliuza shilingi 1,800. Uzi ulikuwa 900. Zikabaki 900, yaani kama shilingi 41 kwa saa, kabla sijahesabu nauli. Mteja mmoja aliagiza tatu, nikamaliza mbili, akaniambia kwamba Gikomba kuna sweta za mia mbili na kwa nini mimi ni ghali. Hakuchukua. Usiku nilikuwa nafuma nikiwa na hasira, nikihesabu vifundo kama mtu anayehesabu deni. Siku moja niliweka sindano chini, na sikuishika tena kwa miezi saba. Sikupata pesa, na kitu changu kikachukuliwa pia. Hakuna mhubiri yeyote wa kujiajiri aliyewahi kunieleza gharama hiyo.

Tuelewane: kama unauza kwa sababu unahitaji kula, uza, na Mungu akubariki. Kazi ni kazi. Ninachokataa ni ile imani kwamba usipouza umepoteza. Na nakataa tusivyoona kwamba tumejifanyia wenyewe kile ambacho studio iliwafanyia wale. Kwa sababu studio pia ziliuza burudani za waigizaji wao, hilo siwezi kuficha. Walitumwa wapiga picha kuwanasa "nyumbani", mmoja akipanda maua, mwingine akivua samaki, magazeti ya mashabiki yakachapisha. Lakini kulikuwa na idara nzima inayolipwa kufanya kazi hiyo, na mpiga picha alienda nyumbani jioni. Sisi ndio nyota, ndio wapiga picha, ndio idara ya matangazo, na ndio bosi anayekasirika kwamba video ya leo haikutazamwa. Louis B. Mayer wetu tunamchaji kila usiku na kulala naye kando ya mto.

Kuna jambo moja limebaki, na nisipolisema nitakuwa nimedanganya. Baadhi ya burudani za watu hawa zilifanyika hapa kwetu. Clark Gable alipenda kuwinda. Mwisho wa 1952 alikuja Afrika Mashariki na Ava Gardner na Grace Kelly kutengeneza Mogambo, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Kenya tarehe 20 Oktoba. William Holden, aliyekuwa mwindaji pia, alinunua hoteli pale Nanyuki na wenzake mwaka wa 1959, wakaigeuza kuwa Mount Kenya Safari Club, na hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Kwa haki yake, Holden baadaye aliacha bunduki akageukia kuhifadhi wanyama, na baada ya kufa kwake 1981 Stefanie Powers alianzisha wakfu kwa jina lake wa kufundisha watu kuhusu wanyamapori. Hayo ni mazuri. Lakini tafuta picha za safari za miaka ile, uangalie pembeni. Kuna mtu ameshika sinia. Kuna mtu amebeba hema. Kuna mtu anayesoma nyayo za mnyama ardhini kama wewe unavyosoma maneno haya, na jina lake mara nyingi halikuandikwa. Labda kusoma nyayo ndiko kulikokuwa furaha yake kuu duniani. Hatutajua, kwa sababu ndani ya picha hiyo ni kibarua katika burudani ya mtu mwingine.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Kwa vizazi viwili vitatu, katika mji huu, mikono yetu ikionekana inafanya kitu, ilikuwa inamfanyia mtu. Ikawa vigumu hata sisi wenyewe kuiona vingine. Mama wa matatu akiona vidole vyangu vinacheza anauliza bei, kwa sababu hajafundishwa kwamba vidole vya msichana kama mimi vinaweza kucheza tu. Na bado si kweli kwamba kucheza ni kitu cha wazungu tulicholetewa na meli. Nyumbani kwa cucu wangu kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufumwa, redio ilikuwa na chake, hata thermos ya chai. Alivifuma jioni baada ya shamba, amechoka, mgongo unamuuma. Hakuna mgeni aliyewahi kuketi pale akamuuliza vinauzwa ngapi. Walimwambia ni vizuri, wakanywa chai.

Kwa hivyo nakuomba ufanye kitu ambacho wahubiri wote watakuambia ni upumbavu. Chukua kile ulichokiacha siku ulipogundua hakilipi. Kifanye vibaya. Usikipige picha. Mtu akikuuliza unauza ngapi, mwambie ukweli, halafu vumilia vile atakuhurumia, maana inapita.

Sweta yangu imebaki mkono mmoja. Nitaivaa Julai kukianza baridi, na bluu zake mbili, na ukiniona kwenye mathree ya Rongai unaweza kuniuliza chochote isipokuwa bei.